Wimbo wa Dina Wafika Unguja

Mlalo, 16 Februari 1975

Sefania wangu,

Na jibu la swali lako la mwisho ni ndiyo: ninalala upande wako wa kitanda. Mama yako aliponiuliza kwa nini mto mmoja umekunjamana na mwingine umetuna kama siku ulipotoka dukani, nilicheka mpaka nikaona haya. Leo ni siku ya hamsini tangu mchungaji atutamkie kwamba sisi si wawili tena, ni mwili mmoja, na kati ya siku hizo tumekaa pamoja kumi na mbili tu. Ukungu ukishuka jioni huwa nasema, haya, na nyusi zake Sefania zilivyo nene, nazo zingelowa sasa hivi. Usiniambie ninapenda kupita kiasi. Kiasi chenyewe ni kipi?

Televisheni sijawahi kuiona. Nikiwaeleza walimu wenzangu kwamba mume wangu huchora picha ishirini na zaidi ili mtu mmoja ainue mkono, wananitazama kama mtu aliyerogwa. Nimerogwa kweli, na aliyeniroga yuko Unguja!

Umeniomba habari za uchaguzi wetu wa kiranja mkuu, kwa kuwa mkubwa wako kazini amekupa katuni ya uchaguzi wa wanafunzi, watoto waijue kura kabla ya wakubwa kupiga yao Oktoba. Basi kalamu umeipatia mtu wake, maana msimamizi wa uchaguzi ni mimi. Wagombea ni wawili, kama ilivyo ada, mmoja alama ya nyumba, mwingine alama ya jembe. Wa nyumba ni Samsoni, mtoto wa mwenyekiti wa kijiji, ana kifua na sauti. Wa jembe ni Dina wa Mzee Kornelio, yule mzee wa kanisa wa kule juu kwenye miti ya peasi. Dina ndiye wa kwanza darasa la saba katika hesabu, lakini ana kigugumizi. Neno humkwama kooni, naye hulisubiri huku wote wanatazama chini.

Baba yake alinijia shuleni, kofia mkononi. "Mwalimu," akasema, "huyu nilikusudia aishie hapa hapa, hata mtihani asifanye. Akifaulu watampeleka sekondari kwa watu wasiomjua, wamcheke. Mimi nimemcheka? Sijamcheka. Mama yake je?"

"Hajamcheka, baba."

"Basi agombee hicho cheo. Wenzake wakimchagua na ulimi wake huo, atafanya mtihani, na akifaulu nitambebea sanduku mpaka barabarani. Lakini siku nikisikia watu wanamcheka mwanangu kwa ulimi wake, anarudi nyumbani. Sitasema mara mbili."

Umeona mambo, mpenzi? Kwa Samsoni ni cheo. Kwa Dina ni maisha yote. Niombee nisiwe na upendeleo, maana tayari ninao.

Wako, wako, wako,
Zipora


Unguja, 4 Machi 1975

Zipo wangu,

Barua yako nimeisoma mara nne, mara ya nne nikiwa nimeilaza juu ya meza yangu ya kioo yenye taa chini yake, ile tunayochorea. Maandishi yako yaliwaka. Wenzangu wakasema, "Sefania leo anachora nini?" Nikasema, "Nachora mke wangu."

Sasa nisaidie zaidi. Mkubwa wangu amekataa kisa nilichobuni. Amesema watoto wangu wote wanafanana na picha za kwenye bango la chanjo. Mchoraji hawezi kuchora "msichana mwenye wasiwasi", anataka kujua ni kidole gani kinashika sketi. Niandikie vitu vidogo, hata vile unavyoona havina maana. Alisemaje? Alisimamaje? Nani alishinda?

Hapa joto. Nikiota, naota baridi ya kwetu.

Mumeo,
Sefania


Mlalo, 22 Machi 1975

Nyusi zangu, mpenzi wangu, mume wangu,

Jembe! Jembe limeshinda! Mia moja na kumi na tisa kwa themanini na nne! Ungekuwepo ungenibeba, nami ningejifanya nakataa.

Unataka vitu vidogo, chukua. Tulitundika madebe mawili nyuma ya ubao, moja limechorwa nyumba, moja jembe (jembe nililichora mimi, Mwalimu Mkuu Hassani akauliza kama ni samaki). Kila mtoto anaingia na punje moja ya harage. Mmoja wa darasa la tatu alikula yake akaomba nyingine.

Kabla ya kura, hotuba. Samsoni aliahidi mpira mpya na akapiga saluti. Kisha Dina. Kidole ni cha mwisho, cha kushoto, anakizungushia uzi wa sketi mpaka kinakuwa cheupe. Akasema, "Nd-nd-nd..." Shule nzima ikatazama chini. Nilitaka kuruka nimsemee. Ndipo akafumba macho akaanza kuimba, kwani akiimba hagugumizi hata kidogo! Aliimba hivi:

Baba akiamka humsalimu Shangwe,
mama husalimiwa chai ikishaiva.
Mimi nikiwa kiranja nitawasalimu nyote,
mkubwa na mdogo, hata aliyechelewa.

Shangwe ni ng'ombe wao! Mwenye pembe moja iliyopinda kushoto. Ni kweli kabisa, Mzee Kornelio hutoka na blanketi lake la mistari, anapita mlango wa jikoni bila neno, anakwenda kumwambia ng'ombe, "Onga makeio," umeamkaje, tena anangoja ajibiwe. Watoto walicheka, Sefania, lakini kicheko cha kupenda. Hata Samsoni aliinama akishika mbavu.

Baadaye Dina alinivuta nyuma ya stoo. "M-mwalimu, usimwambie mtu nimemwimba baba." Nikamwapia. Lakini wewe si mtu, wewe ni mimi. Kukuambia wewe ni kama kusema na moyo wangu.

Baba yake alipopewa matokeo alikaa chini kwenye ngazi ya ofisi. Akasema tu, "Walimchagua huku wakimsikia?" Nikamwambia, "Huku wakimsikia, baba." Akaondoka bila kuaga, kisha jioni akaniletea kikapu cha peasi.

Nakupenda kuliko peasi hizo, na ni tamu mno.

Zipora wako


Unguja, 8 Juni 1975

Zipo wangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Ninachora tangu asubuhi mpaka macho yananiwasha, halafu kila karatasi inapigwa picha moja moja, na ukikosea moja mtu anaonekana kama ametekenywa. Tumefika karatasi ya elfu tatu. Kitakuwa kipindi maalumu cha robo saa.

Nina zawadi yako. Sisemi ni nini. Itaonekana Septemba, na nasikitika kwamba wewe peke yako hutaiona, maana mawimbi ya televisheni yetu hayapandi milima. Lakini nitakusimulia yote. Mkubwa wangu sasa ananiita fundi. Kwa ajili yako, Zipo. Yote ni kwa ajili ya barua zako.

Sefania


Mlalo, 29 Juni 1975

Mpenzi wangu fundi,

Zawadi! Sasa nitalalaje? Nimebuni mambo kumi. Mama yako anasema ni khanga. Mimi nasema umenichora, na pua umeipunguza kwa huruma.

Dina ni kiranja wa ajabu. Kila asubuhi husimama mlangoni akiwasalimu watoto mmoja mmoja, na maneno yakikwama wanamngoja, hakuna anayemsukuma. Kigugumizi kimepungua, nakuapia. Ameanza kusoma magazeti ya zamani kwa sauti darasani. Mtihani ni Novemba, na Mwalimu Hassani anasema asipofaulu huyu basi mtihani wenyewe ndio umeshindwa.

Mzee Kornelio alinisimamisha kanisani akaniuliza kama unafahamiana na mwanawe mkubwa, Nathanaeli, seremala, yuko huko Unguja mwaka wa tatu. Nikamwambia Unguja ni kubwa. Akasema, "Kubwa kuliko Lushoto?" Tukacheka wote wawili.

Nakuandikia huku mvua ya manyunyu ikigonga bati, na kila tone nalipa jina lako.

Zipora


Unguja, 14 Septemba 1975

Zipo, mke wangu, kiranja wa moyo wangu,

Zawadi yako imeonyeshwa Ijumaa! Ni yeye. Ni msichana wako wa jembe. Nimemchora yeye, na kidole kile, na uzi ule, na wimbo wote, neno kwa neno.

Nilikwenda kuangalia pamoja na watu kwenye ukumbi wa mtaa wetu, mamia wamekaa chini mbele ya seti moja. Alipoanza, "Nd-nd-nd," nilifanya herufi zitoke mdomoni mwake kama vifaranga wanaosukumana mlangoni, zinaanguka, anaziokota, zinamponyoka tena. Zipo, watu walicheka! Wazee walijifuta machozi. Mwanamke mmoja alisema, "Jamani msaidieni, atazimeza!" Halafu baba akatoka na blanketi lake kumwamkia ng'ombe, ukumbi ukavunjika mbavu kabisa. Tangu siku hiyo watoto wa mtaani wanaigiza, "Nd-nd-nd," wakikimbizana. Kituo kimeombwa kukirudia.

Mwishoni anashinda, kama ilivyokuwa. Walipiga makofi.

Usihofu, jina lake nimebadilisha. La ng'ombe sikuweza. Shangwe ni jina zuri mno.

Niambie umefurahi. Nimefanya kazi miezi saba nikiwazia uso wako ukisoma barua hii.

Mumeo,
Sefania


Mlalo, 5 Oktoba 1975

Sefania,

Barua yako ilifika siku mbili baada ya barua ya Nathanaeli kufika kwa baba yake. Kwa hiyo nilipoifungua nilijua tayari, na sikuwa na uso ule uliouwazia.

Nathanaeli alikuwa ukumbini. Alimtambua ng'ombe kwanza, pembe na jina, kisha blanketi, kisha dada yake. Amemwandikia baba yake kwamba alitoka nje kwa sababu hakuweza kukaa katikati ya watu wanaowacheka wazazi wake. Ameandika pia jinsi watoto wa mtaani wanavyomwiga Dina.

Mzee alikuja shuleni mapema. Nilimwamkia, akaitika vizuri, hajawahi kuacha kuitika. Akasema, "Mwalimu, nimekuja kumchukua mwanangu." Basi. Dina alikuwa mlangoni na watoto wa darasa la kwanza. Alivua beji ya kiranja akaiweka kwenye kiganja changu. Alijaribu kusema kitu. Nilingoja, Sefania, nilingoja muda mrefu, lakini hakikutoka.

Jumapili tulipanda kwao, mimi, Mwalimu Hassani na mchungaji. Walitupa chai, walitupa na bada, ugali wa muhogo, na mboga, tukala. Kisha Mwalimu Hassani akataja sheria ya mahudhurio.

"Sheria naijua," Mzee akasema. "Sheria inajua siku ngapi mtoto hakuja. Haijui alichekwa mara ngapi."

Mchungaji akasema, "Kornelio, waliocheka wako ng'ambo ya maji. Hawamjui."

"Ndio hao hao niliowaogopa. Wasiomjua." Akanigeukia. "Mwalimu, mimi sina ugomvi na wewe. Nakuuliza kitu kimoja tu. Ng'ombe wangu alifikaje Unguja?"

Niseme nini? Watu watatu walikuwa wakinitazama, na mimi nikatazama kikombe. Nilinyamaza kama mwizi, nikashuka mlima nimenyamaza. Dina hakuwepo. Wamempeleka Muheza kwa shangazi yake anayeuza machungwa sokoni.

Aliniomba nisimwambie mtu. Nilikuandikia kwamba wewe si mtu. Naona haya kila neno hilo linaponirudia kichwani, na wewe unalo kwa wino.

Zipora


Unguja, 24 Oktoba 1975

Zipora mke wangu,

Nilitaka kukuandikia kwamba hukuniambia ni siri. Nikaitoa barua yako ya Machi ili nikuonyeshe. Uliniambia. Ni mstari mmoja karibu na mwisho, na mimi niliichora mistari mingine yote nikauruka huo.

Sikumcheka, Zipo. Naapa. Nilimchora kwa mapenzi, kwa sababu wewe ulimpenda. Mkubwa wangu alisema mwanzo unapooza, "tia chumvi kwenye kile kigugumizi," nikatia. Watu walipocheka nilisikia raha. Sikufikiri kwamba kicheko kina mtu upande wa pili.

Nimemwomba mkubwa wasikirudie kipindi. Amesema ndicho kilichopendwa kuliko vyote mwaka huu, kitarudiwa. Nimemwandikia Mzee Kornelio barua ya kumwomba radhi. Imerudi bila kufunguliwa. Nimeomba ruhusa nije, wamesema baada ya uchaguzi.

Niambie bado unalala upande wangu.

Sefania


Mlalo, 16 Novemba 1975

Sefania,

Mtihani umefanyika juma lililopita. Msimamizi aliita majina yote kama yalivyosajiliwa, na alipofika kwa Dina Kornelio akaita mara tatu, kama inavyotakiwa. Kila mara watoto waligeuka kutazama mlango. Dawati halikuondolewa, likakaa katikati yao na karatasi ya maswali juu yake mpaka muda ulipokwisha.

Nyumbani hatujambo. Mama yako ana kikohozi.

Ninalala upande wangu. Sikuandikii hivyo kukuumiza. Nikilala kwako nakumbuka kila nilichokuandikia nikiwa hapo.

Zipora


Muheza, 23 Novemba 1975

Mwalimu Zipora,

Shikamoo. Mimi sijambo, natumaini nawe hujambo. Nimeandika kwa sababu kwenye karatasi sigugumizi.

Hapa kuna joto na machungwa mengi. Sokoni shangazi ndiye anayesema na wateja, mimi napanga. Wakiniuliza jambo naonyesha kwa kidole. Wengine wanadhani mimi ni bubu, na ni rahisi zaidi, kwa hiyo siwaambii.

Mwalimu, nataka ujue kwamba siyo baba. Watu wanasema baba amenikatalia mtihani. Wiki moja kabla ya mtihani alikuja mpaka hapa, akalala kwa shangazi, asubuhi akaniambia, "Mwanangu, nilisema sitasema mara mbili, lakini nasema. Twende ukafanye." Alikuwa ameleta sare yangu, mama ameifua. Mimi ndiye niliyekataa. Alirudi nayo.

Nilikataa kwa sababu nilifikiri sana. Kama watu wa Unguja wasionijua wamecheka namna ile, basi labda na siku ile shuleni walicheka hivyo hivyo, mimi sikujua kwa kuwa nilikuwa nimefumba macho. Labda hata zile kura mia moja na kumi na tisa zilikuwa za kunicheka. Mtoto akitaka kucheka kila siku si atamchagua anayechekesha?

Simlaumu mtu. Mimi ndiye niliyemwimba baba. Lakini kuna jambo moja silielewi, na shangazi halijui, na baba ameniambia nikuulize wewe. Nani alimwambia yule mchoraji?

Wasalimie darasa la saba, ijapokuwa sasa wamemaliza.

Ni mimi mwanafunzi wako,
Dina Kornelio


Mlalo, 4 Desemba 1975

Dina mwanangu,

Marahaba. Umeuliza na baba yako ameuliza, na mimi nilimnyamazia. Mchoraji ni mume wangu. Aliyemwambia ni mimi.

Nilikuapia nyuma ya stoo, na siku chache baadaye nikaandika yote kwa barua, wimbo, kidole, Shangwe, na neno lako la kuniomba nisiseme nikaliandika pia. Nilikuwa nimeolewa karibuni na nilikuwa na furaha, na kila kizuri nilichokiona nilitaka akipate. Wewe ulikuwa kizuri kuliko vyote nilivyoona mwaka huu. Hiyo siyo sababu ya kunisamehe. Nakuambia tu ilivyokuwa. Jana nilipanda kwenu nikamwambia baba yako maneno haya haya, nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Kamwambie mwenyewe." Hakunipa kiti, na nilishukuru.

Sasa kuhusu kura. Katika hili nisikilize kama mwalimu wako, hata kama katika mengine huniamini tena. Ulipoondoka, Mwalimu Mkuu alitaka achaguliwe kiranja mwingine. Akasema Samsoni apite tu, alikuwa wa pili. Samsoni akasimama mbele ya shule nzima: "Mwalimu, kiranja yupo. Hayupo leo tu." Mwalimu Hassani akasema, "Basi tupige kura upya." Akaweka madebe. Watoto wakapanga foleni, wakaingia mmoja mmoja nyuma ya ubao, wakatoka. Tulipomwaga, debe la nyumba lilikuwa tupu. Debe la jembe lilikuwa na maharage yote, nawe hukuwepo kumchekesha mtu yeyote. Mwalimu Hassani aliyatazama sana, kisha akatoka nje kuvuta sigara. Mpaka shule inafungwa hatukuwa na kiranja mkuu mwingine.

Hilo halirudishi mtihani. Nimeuliza ofisi ya elimu kama unaweza kurudia darasa, wamesema watawaandikia wakubwa wao, na wakubwa hao hawajajibu. Sikuletei ahadi nisiyokuwa nayo.

Mume wangu anataka kuja kukuomba radhi. Nimemwambia asije mpaka wewe useme aje, na usiposema, asije.

Mimi nitakuja. Wiki ijayo namuuguza mama mkwe, ile inayofuata nateremka kwa basi la asubuhi. Ukitaka kunyamaza, nitakaa kando yako nipange machungwa. Ukitaka kusema, hata neno likikaa kooni mpaka soko lifungwe, nitalingoja. Mwezi huu hautaisha sijafika Muheza.

Mwalimu wako,
Zipora